Barua ya kuitwa mara ya pili: uraia wa Marekani kwa njia ya ndoa

Barua ilifika mume wangu akiwa Nebraska na lori. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, viatu vimelowa theluji, nikaifungua pale pale kwenye masanduku ya barua kabla sijapanda ngazi. Nilitegemea kuona tarehe ya kiapo. Nilichokuta ni wito wa kurudi ofisini kwa mahojiano mengine, safari hii na mume wangu, pamoja na ushahidi kwamba tunaishi nyumba moja.

Nilimpigia shoga yangu mmoja nikilia. Akanambia, "Hao wameshaamua, wanakuita wakukamate vizuri." Usiku ule sikulala. Leo nikikumbuka naona maneno yale yalinichelewesha wiki nzima, maana badala ya kutafuta makosa yalipo, nilikuwa natafuta picha za harusi.

Mimi si wakili. Ni mwanamke wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, nimeolewa na mtu wa Mombasa aliyechukua uraia wa Marekani miaka mingi kabla hatujaoana. Tangu nipate cheti changu nimeeleza habari hii kwenye simu mara nyingi mno, tena kwa watu walio kwenye mapumziko ya dakika kumi kazini, kwa hiyo nimeona niiandike mara moja.

Anza na karatasi uliyopewa mara ya kwanza

Siku ya mahojiano ya kwanza, kabla hujatoka chumbani, afisa hukupa karatasi yenye jina N-652. Wengi huikunja na kuitia mkobani bila kuisoma. Itoe. Ina visanduku, na kile kilichowekewa alama kina maana yake. Kimoja kinasema umefaulu Kiingereza na maswali ya historia na serikali. Kingine kinasema umependekezwa kupewa uraia. Kingine kinasema uamuzi hauwezi kutolewa bado. Mimi nilikuwa nimefaulu mtihani, na uamuzi haukuwa umetolewa.

Hilo lilinipunguzia nusu ya hofu, kwa sababu ukishafaulu mtihani huulizwi tena. Kama ulifeli sehemu moja, basi mwito wako wa pili ni wa kurudia ile sehemu tu, kati ya siku 60 na 90 baada ya ile ya kwanza, na makala haya hayakuhusu sana: kasome. Ila angalia unasoma orodha ipi. Sisi tuliopeleka fomu zamani tulikuwa na maswali 100, unaulizwa hadi kumi, ukipata sita umepita. Waliopeleka fomu ya N-400, yaani ile ya kuomba uraia, kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wana orodha ya maswali 128, wanaulizwa hadi 20, na wanatakiwa kupata 12. Nimewaona watu wanakariri karatasi ya mwaka ambao si wao.

Kama ulifaulu na bado unaitwa, shida iko kwenye faili. Kwa sisi tuliopitia ndoa, kwenye faili kuna jambo moja hasa wanalolitafuta.

Wanatafuta nini

Mtu wa kawaida mwenye grinkadi (kadi ya ukaaji wa kudumu) husubiri miaka mitano kuomba uraia. Aliyeolewa na raia anaruhusiwa kuomba baada ya miaka mitatu, lakini kwa masharti. Uwe na grinkadi miaka hiyo mitatu. Mwenzi wako awe raia kwa muda wote huo. Uwe umekuwa ndani ya Marekani kimwili angalau miezi 18 katika hiyo miaka. Na muwe mmeishi pamoja kama mume na mke miaka yote mitatu kabla hujapeleka fomu. Ndoa nayo iwe hai mpaka siku unapoapa.

Hapo penye kuishi pamoja ndipo watu wanapokwama, na wengine hukwama kwa hesabu tu. Fomu inaruhusiwa kupelekwa siku 90 kabla grinkadi haijatimiza miaka mitatu. Lakini siku hizo 90 ni za grinkadi, hazihusu kuishi pamoja. Kama wewe na mumeo mlianza kukaa nyumba moja siku uliyoshuka uwanja wa ndege, ukiwahisha fomu hata kwa wiki chache utakuwa hujatimiza miaka mitatu ya kukaa naye. Mimi niliingia Machi 2021, nikapeleka fomu Mei 2024. Sikuwahisha kwa sababu ya busara, nilikuwa nadunduliza ada ya dola 710. Umaskini ukanisaidia.

Kumbe basi afisa hakuiti mara ya pili ili umwonyeshe jinsi mnavyopendana. Anakuita kwa sababu karatasi mbili ndani ya faili lako hazisemi kitu kimoja, na yeye hana ruhusa ya kuchagua ipi ni ya kweli. Kazi yako kabla ya siku hiyo ni kuzijua karatasi hizo mbili ni zipi.

Kutafuta pengo

Mume wangu aliporudi tulikaa sakafuni sebuleni, tukatandaza kila karatasi tuliyowahi kuipeleka serikalini. Grinkadi, maombi ya awali aliyonileta nayo, fomu ya uraia, ritani za kodi, fomu za W-2 za mishahara, leseni, bima ya gari, mikataba ya pango. Nikachukua daftari, nikachora mistari. Upande huu tarehe, katikati anwani, upande wa mwisho jina la karatasi. Kazi ilichukua usiku mmoja na birika mbili za chai. Kabla ya saa nne tayari pengo tumeliona, tena si moja.

La kwanza ni leseni yake ya kuendesha malori. Ilikuwa na anwani ya Indianapolis. Kampuni anayofanyia kazi ina yadi kule, na kabla sijaja alikuwa akikaa kwa nduguye. Nilipokuja tukapanga Columbus, kama maili 175 kwa barabara ya I-70, na yeye akaacha leseni ilivyo kwa uvivu. W-2 zake nazo zikaendelea kwenda kwa nduguye kwa sababu hakuwaambia watu wa mishahara. Kwa hiyo mtu akisoma karatasi za mume wangu peke yake, yuko Indianapolis. Akisoma zangu, yuko Columbus.

La pili lilikuwa baya zaidi. Ritani ya mwaka 2021 mume wangu aliipeleka peke yake. Jamaa aliyemtengenezea, mwenye meza yake dukani, alimwandika kama "mkuu wa kaya", kwa kuwa mume wangu ana kijana wa ndoa yake ya kwanza anayemlea, na kwa njia hiyo marejesho yanakuwa makubwa. Hatukujua maana yake. Maana yake ni hii: kwa kawaida mtu mwenye ndoa haruhusiwi kujiandika mkuu wa kaya isipokuwa kama mwenzi wake hakuishi naye miezi sita ya mwisho ya mwaka ule. Yaani mume wangu, bila kujua, aliweka sahihi karatasi ya serikali inayosema kwamba mkewe hayupo nyumbani. Na mwaka 2021 ni ule ule wa kwanza katika miaka yangu mitatu.

Kama utaangalia kitu kimoja tu katika haya yote, angalia hicho: vipi mlijiandika kwenye kodi. Mkiwa mmepeleka pamoja kama wenye ndoa, vizuri. Mkiwa mmepeleka kila mtu kivyake kama wenye ndoa, si kosa, ila jiandae kueleza kwa nini. Mkiwa na "sijaoa" au "mkuu wa kaya" mahali popote, tafuta mtu wa kodi wa kweli kabla ya siku ya mahojiano. Sisi tulirekebisha ritani ya 2021 kwa fomu ya 1040-X, tukawa wenye ndoa kama tulivyokuwa, tukalipa tofauti pamoja na riba. Iliuma. Lakini siku ya siku nilikuwa na karatasi inayoonyesha tumeliona kosa wenyewe na tumelilipia.

Leseni tuliibadilisha pia. Hapa nataka usikie vizuri: kubadilisha leseni wiki tatu kabla ya mahojiano hakuthibitishi chochote kuhusu miaka iliyopita, na afisa anajua kusoma tarehe. Tulibadilisha kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa, na tulipoulizwa tulisema ilibadilishwa mwezi uliopita na kabla ya hapo ilikuwa Indianapolis kwa uzembe. Ukiileta leseni mpya kwa mbwembwe kana kwamba imekuwa hivyo siku zote, hapo unaharibu.

Ndiyo yetu na ndiyo yao

Pengo la tatu halikuwa kwenye karatasi, lilikuwa kinywani mwangu. Nililigundua siku ya tatu, nikiwa naosha vyombo.

Katika mahojiano ya kwanza afisa aliangalia leseni ya mume wangu kwenye kompyuta yake, akaniuliza kwa Kiingereza, kama ningekiweka kwa Kiswahili: "Kwa hiyo mumeo haishi Indianapolis?" Nikamjibu, "Ndiyo." Nilijibu kama ninavyomjibu mama yangu. Mama akiuliza "Hujala?" nami sijala, nasema "Ndiyo, sijala." Ndiyo yetu inakubaliana na maneno ya muulizaji. Ndiyo ya Kiingereza haifuati swali, inafuata tendo. Kwa afisa yule nilisema: ndiyo, anaishi Indianapolis. Akaandika. Na nilikuwa nimeapa.

Sijawahi kumsikia wakili akimweleza mteja wake jambo hili, na naamini limeshawaponza Waswahili wengi. Maswali mengi ya fomu ya uraia afisa anaweza kuyauliza kwa mdomo kwa namna hiyo: hujawahi kukamatwa, hujawahi kupiga kura, huna deni la kodi. Dawa yake ni rahisi: swali likija na kukanusha ndani yake, usijibu kwa neno moja. Toa sentensi nzima. "Mume wangu anaishi Columbus na mimi." "Sijawahi kukamatwa." Nilifanya mazoezi na kijana wetu, yeye ndiye Mmarekani wa nyumbani, akinitega kwa maswali ya kukanusha tukiwa tunapika. Alifurahi sana kunikosesha.

Kuna na mengine ya lugha ambayo mimi na mume wangu tulikubaliana mapema. Yule wa Indianapolis tunamwita kaka. Kwa hesabu ya Kiingereza ni mtoto wa ba' mdogo wake, si kaka wa tumbo moja. Mmoja wenu akisema kaka na mwingine akisema binamu mbele ya maafisa wawili, mtaonekana hamjui familia ya mwenzenu. Tulichora ukoo wa pande zote mbili, tukaandika kila mtu neno lake la Kiingereza. Mama zangu wadogo wawili, ambao siku zote nawaita mama, wakashushwa cheo siku hiyo. "Nyumbani" nalo ni neno la kuangalia. Nikisema naenda nyumbani Desemba, nina maana ya Tanga. Afisa akisikia nyumba yako iko Tanga, anaanza kuhesabu siku zako za kuwa nje.

Karatasi zenye uzito

Watu hubeba albamu. Beba picha chache, hazina ubaya, lakini picha ya harusi inathibitisha harusi. Swali ni kama mmeishi pamoja mwaka jana na juzi. Kwa hilo, karatasi yenye nguvu ni ile iliyotoka yenyewe maisha yalipokuwa yakienda, bila mtu kufikiria uhamiaji.

Ya kwetu iliyofanya kazi kuliko zote ilikuwa fomu ya shule. Kijana alihamia Columbus Agosti 2021 kuanza shule, na kwa kuwa baba yake yuko barabarani, aliyesaini kila kitu ni mimi. Jina langu liko kama mtu wa kupigiwa akiumwa, anwani ni yetu, na tarehe imepigwa na shule. Tuliomba nakala ya kila mwaka. Wakatupa pamoja na barua ya mwalimu kunilalamikia kwamba anachelewa asubuhi. Nikaiweka nayo.

Nyingine ni barua ya mwajiri wa mume wangu. Hii ni muhimu kwa wenye waume madereva, mabaharia, wanajeshi, na wanaofanya kazi za mbali. Kanuni zinakubali kwamba mtu anaweza kuwa mbali na mwenzi wake kwa sababu ya kazi au jeshi bila ndoa kuhesabiwa imetengana, mradi hawakutengana kwa hiari yao. Lakini lazima uonyeshe kwamba ni kazi. Barua ilisema ameajiriwa tangu lini, njia zake ni zipi, hukaa barabarani siku ngapi na kupumzika siku ngapi. Tukaongeza kumbukumbu za kile kifaa cha kielektroniki kwenye lori kinachorekodi saa za kuendesha, mwezi mmoja kwa kila mwaka, zinazoonyesha anapomalizia mapumziko. Lori halidanganyi limelala wapi.

Kisha ya kawaida: mikataba ya pango yenye majina mawili, taarifa za akaunti ya pamoja, bima ya gari, bima ya afya inayomtaja mwenzi, na transkripti za kodi za miaka mitatu kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ambazo huombwa bure. Taarifa za benki zisiwe ukurasa wa mwisho tu. Chukua miezi iliyotawanyika ndani ya miaka mitatu, na ziwe zinaonyesha maisha, sio akaunti yenye dola hamsini zinazokaa tu. Yetu ilikuwa imejaa duka la halali, petroli na kutuma hela Mombasa na Tanga.

Usisahau za lazima: grinkadi, leseni, pasipoti zote hata zilizokwisha muda, barua ya mwito, cheti cha ndoa, cheti cha uraia cha mwenzi, na hati ya talaka ya kila ndoa iliyotangulia, ya kwako na ya kwake. Talaka ya mdomo, hata kama mtaa mzima ulisikia, haitoshi. Mume wangu alikuwa na hati kutoka mahakama ya Kadhi. Karatasi yoyote ya Kiswahili iende na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri aandike na kusaini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi.

Nilipanga vyote kwa mwaka, si kwa aina. 2021, 2022, 2023, 2024. Mbele nikaweka ukurasa mmoja wa maelezo: leseni ilikuwaje, kodi ilikuwaje, "ndiyo" ilikuwaje. Bila mapambo. Wakili niliyemlipa saa moja ya ushauri aliusoma, akafuta aya mbili nilizokuwa nikilalamika, akanirudishia.

Kuhusu wakili: kama pengo lako ni la anwani na kodi, saa moja ya ushauri huenda ikatosha. Kama kuna kukamatwa na polisi, kura uliyopiga bila kujua, mtoto nje ya ndoa ambaye hakuandikwa kwenye fomu, au mmetengana kweli, usiende peke yako. Kuna mashirika yasiyo ya faida yenye wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, na gharama zao ni ndogo. Mtu wa mtaani anayesema anajua njia, mshukuru kwa chai na uondoke.

Kama ndoa imeyumba

Hili nalisema kwa sababu nusu ya wanaonipigia huanza na mengine na kumalizia hapa. Kama hamkai pamoja, usiende kusema mnakaa. Uongo chini ya kiapo kwa ajili ya kupata uraia unakuharibia sifa ya mwenendo mwema hata kama jambo lenyewe lilikuwa dogo lisilobadilisha chochote. Kutengana peke yake hakukunyimi uraia milele. Kunakuondoa tu kwenye njia ya miaka mitatu, na grinkadi yako ikifikisha miaka mitano unaweza kuomba kwa njia ya kawaida, ambayo inataka angalau miezi 30 ya kuwa nchini. Unaweza kuondoa ombi na kusubiri, kwa ushauri wa wakili. Na kama sababu ya kutengana ni kipigo, kuna vifungu vyake katika sheria. Usivumilie nyumba kwa ajili ya fomu.

Mwenye grinkadi ya miaka miwili, ile ya masharti, ana jambo la ziada. Ile fomu ya I-751 ya kuondoa masharti lazima iamuliwe kabla au pamoja na uraia, kwa hiyo wito wa pili huenda ukawa wa fomu zote mbili kwa siku moja. Hapo mwenzi lazima awe tayari kama wewe.

Siku yenyewe

Mume wangu aliomba ruhusa kazini wiki nne kabla. Kama tarehe haiwezekani, omba ibadilishwe mapema kwa njia iliyoandikwa kwenye barua. Kutotokea bila taarifa ni kulitupa ombi.

Tuliapa, mkono wa kulia juu. Afisa alikuwa mwingine, mwanamke wa makamo. Alituchukua mmoja mmoja, mimi kwanza. Nilimwomba nianze kwa kusahihisha jibu langu la mara ya kwanza, nikamweleza ile ndiyo. Aliandika muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Kisha maswali. Nani analipa kodi ya nyumba, kwa hundi au kwa simu. Kitanda kiko upande gani wa dirisha. Kijana anapanda basi au unampeleka. Mume wako akiwa barabarani mnaongea saa ngapi. Mara ya mwisho yeye kulala nyumbani ni lini, kabla ya jana. Nikasema usiku wa Jumapili.

Mume wangu alipoingia peke yake akaulizwa hilo hilo, akasema Jumamosi usiku.

Wenye asili ya pwani mnaocheka mmeshaelewa. Kwetu siku huanza jua likizama. Usiku wa Jumapili ni ule wa kuamkia Jumapili, ambao kwa Wamarekani ni Jumamosi. Mimi katika wasiwasi nilihesabu kama nyumbani, yeye miaka yake yote ya madaftari ya lori akahesabu kama wao. Afisa akatuita pamoja, akatuuliza nani kakosea. Tukatazamana. Mume wangu akaanza kucheka, na mimi nikaogopa zaidi. Kisha nikamweleza, na nikafungua kumbukumbu ya lori: injini ilizimwa Columbus Jumamosi, saa 11:40 usiku kwa saa ya kwao. Alisogeza kioo cha kompyuta, akaangalia tena, akasema hilo ni jipya kwake.

Ukiona mmepishana, usimrekebishe mwenzako kwa macho, na usikimbilie kubadilisha jibu lako lilingane na lake. Sema ulichokijua na kwa nini. Na kama hujui, sema hujui. Aliniuliza mshahara wa mume wangu kwa maili ni senti ngapi. Sijui, na hata sasa sijui. Nikasema sijui. Sisi tumelelewa kwamba kumwambia mkubwa "sijui" ni utovu wa adabu kidogo, kwa hiyo tunabahatisha. Chumbani mle, kubahatisha ni hatari kuliko kutojua.

Mwisho aliuliza kuhusu 2021. Nikampa ritani ya marekebisho na risiti ya malipo. Alisoma ukurasa wangu wa maelezo wote, mpaka chini. Ile barua ya mwalimu kuhusu kuchelewa ndiyo pekee aliyoitolea sauti. "Anachelewa bado?" Nikamwambia ndiyo, anachelewa bado. Sentensi nzima.

Baada ya hapo

Hatukupewa jibu siku ile. Sheria inawapa siku 120 kuanzia mahojiano ya kwanza kutoa uamuzi. Zikipita, una haki ya kwenda mahakama ya shirikisho ya wilaya, na kwa hatua hiyo unahitaji wakili. Hatukufika huko. Ukikataliwa kwa barua, una siku 30 za kuomba kusikilizwa upya na afisa mwingine kwa fomu ya N-336, na siku hizo hazichezewi, kwa hiyo usihame bila kubadilisha anwani. Taarifa ya kuhama inatakiwa ndani ya siku kumi.

Mimi kama ningekuwa nafanya haya sasa hivi ningeongeza kitu kimoja mapema: ningeomba nakala ya faili langu lote la uhamiaji kabla hata ya kupeleka N-400. Kuomba ni bure, kwa mtandao, ingawa huchukua muda. Ningeona Indianapolis ikinisubiri.

Mwito wa kiapo ulikuja siku ya kumi na tisa. Nyuma ya barua kuna maswali ya kujaza siku ile ile ya sherehe: tangu ulipohojiwa umesafiri nje, umeachika, umekamatwa? Majibu yanakaguliwa mlangoni kabla hujaketi. Kwangu kulikuwa na jambo moja la kulia kidogo kabla, maana Tanzania haimruhusu mtu mzima kubaki raia wake akichukua uraia mwingine kwa hiari, wakati mume wangu, kwa Katiba ya Kenya ya 2010, anaweza kushika zote mbili. Pasipoti yangu ya zamani iko kabatini, chini ya kanga za mama.

Asubuhi ya kiapo mume wangu alikuwa Iowa, mzigo wa nyama uliochelewa. Kijana ndiye aliyenisindikiza. Tulifika mapema.